DHAHABU HAIPATI KUTU, LAKINI HUYEYUKA
(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme machache juu ya dhahabu. Huenda mtu akauliza, sisi watu wa reli tuna nini na dhahabu? Hatuichimbi wala hatuivai. Lakini dawa zinazoitoa dhahabu katika mawe husafiri kwa mapipa, na mapipa hupakiwa na kupakuliwa kwa mikono ya wafanya kazi. Basi yafaa tujue yaliyomo.

Kutu twaijua sote. Ni chuma kilichoungana na oksijeni ya hewani pamoja na maji. Acha kipande cha chuma nje wakati wa mvua, na baada ya siku chache kitakuwa chekundu. Dhahabu si hivyo. Pete iliyozikwa miaka 1,000 hutoka inang'aa, kwa sababu dhahabu haiungani na oksijeni kwa urahisi. Hata asidi ya betri peke yake haiiwezi.

Lakini ziko njia za kuilazimisha. Ya kwanza ni kuchanganya asidi ya nitriki sehemu 1 na asidi ya hidrokloriki sehemu 3. Wazee wa Ulaya waliuita mchanganyiko huo maji ya kifalme. Nitriki huilegeza dhahabu, na klorini huishika kabla haijarudi ilivyokuwa. Hapo dhahabu hugeuka chumvi ya manjano ndani ya maji. Mwaka 1940, Wajerumani walipoingia Copenhagen, mtaalamu George de Hevesy aliyeyusha hivyo nishani mbili za Nobel, za Max von Laue na James Franck, akaiacha chupa rafuni. Askari hawakuitambua. Baada ya vita dhahabu ilitolewa majini, na nishani zikafanywa upya.

Njia ya pili ndiyo ya migodini. Mwaka 1887, huko Glasgow, John Stewart MacArthur na ndugu wawili wa jamaa ya Forrest walipata njia ya sianidi. Mawe husagwa yakawa unga, kisha hutiwa maji yenye sianidi kidogo, mara nyingi chini ya sehemu 1 katika sehemu 1,000. Oksijeni ya hewani husaidia, na kila chembe ya dhahabu hushikwa na sianidi mbili, ikaingia majini. Kisha hunaswa kwa makaa au kwa unga wa zinki. Njia hii ilifika Afrika ya Kusini mwaka 1890, na hata leo migodi mingi mikubwa huitumia.

Sasa sikilizeni vizuri, ndugu. Katika birika la mgodi hutiwa chokaa pia. Kwa nini? Kwa sababu sianidi ikikutana na asidi hutoa gesi inayoua mtu kwa dakika chache. Chokaa huizuia isitoke. Lakini ndani ya behewa au ghala hakuna chokaa. Pipa la sianidi likivuja kando ya pipa la asidi, mpakiaji ndiye wa kwanza kufa. Wengine husema gesi hiyo hunuka kama lozi chungu. Ni kweli, lakini wako watu wasioweza kabisa kuisikia harufu hiyo. Basi pua si mlinzi.

Hata mtoni hatari ipo. Tarehe 30 Januari 2000, huko Baia Mare, nchi ya Romania, ukingo wa bwawa la mgodi ulibomoka. Maji yenye sianidi, kiasi cha mita za ujazo 100,000, yaliingia mitoni, yakaua samaki wengi mpaka nchi ya Hungaria.

Basi tudai mambo manne. Kwanza, sianidi na asidi zisipakiwe pamoja wala kuwekwa ghala moja. Pili, mapipa ya sianidi yawe makavu, yafungwe imara, na yaandikwe kwa lugha mpakiaji anayoisoma. Tatu, chombo cha kupima gesi kiwepo, pamoja na dawa ya huduma ya kwanza na mtu aliyefundishwa kuitumia. Nne, mfanya kazi akiona pipa linavuja, awe na haki ya kuondoka na kuwaita wenzake bila kukatwa mshahara.

Dhahabu hurudi kutoka majini ikawa dhahabu tena. Mtu aliyevuta gesi ile hadi kufa harudi. Tusikubali kupakia tusichokijua.

Umoja ni nguvu.