Ng'ombe Aliyechanjwa Amebeba Nini? Vimelea vya Ndigana Kali na Chanjo Hai Kaskazini mwa Cabo Delgado



Mwaka 1901 wafanyabiashara walipakia ng'ombe melini katika pwani ya Afrika Mashariki, wakawateremsha Beira na kuwapandisha bara hadi Rhodesia. Sotoka ilikuwa imefagia mazizi ya kusini mwa Afrika miaka michache nyuma, na walowezi walitaka mifugo mipya upesi. Ng'ombe wale wa pwani walionekana wazima. Walikuwa wamekulia kwenye ndigana kali, wakapona, na kimelea kikabaki ndani yao kimetulia. Kufikia 1902 ng'ombe wa Umtali na Salisbury walikuwa wakianguka ovyo. Robert Koch, aliyekwishaviona vijidudu hivyo katika damu ya ng'ombe wa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1890 akadhani ni ugonjwa mwingine, aliitwa Bulawayo mwaka 1903 kutafuta kinga. Aliondoka bila kuipata. Ugonjwa ukaenea, na Afrika Kusini ilihangaika na majosho, karantini na kuchinja hadi miaka ya 1950 ndipo ikautokomeza.

Tusidhani hayo ni ya kale tu. Ngazidja iko ng'ambo ya bahari yetu hii. Mwaka 2003 na 2004 ng'ombe wa kisiwa hicho walikufa kwa wingi. Vipimo vikaonyesha ndigana kali. Watafiti walipoandika ripoti yao waliuliza waziwazi: je, ugonjwa haukuletwa na ng'ombe waliochanjwa, walioagizwa kutoka Tanzania?

Waliochanjwa, ndugu zangu. Hapo ndipo penye mada yangu. Nasema kwamba kati ya mito ya Ruvuma na Messalo, chanjo hai ya ndigana kali isiingie kabla ya kupima ng'ombe wetu wamebeba vimelea vya koo zipi, na kwamba ng'ombe aliyechanjwa kwingine asipokelewe kana kwamba ni ng'ombe safi.

Kwa wenzetu wasio wa fani ya mifugo, nieleze kidogo. Ndigana kali husababishwa na kimelea Theileria parva, na anayekibeba ni kupe wa masikio, yule wa kahawia. Ukimpapasa ndama mgonjwa chini ya sikio, utakuta tezi imevimba kama yai. Ingiza sindano, vuta majimaji kidogo, yapake kwenye kioo, yatie rangi ya Giemsa, kisha weka chini ya hadubini: ndani ya chembechembe nyeupe utaona madoa ya buluu. Kimelea kimeiteka chembe na kuilazimisha igawanyike bila kikomo, kama saratani, na kila chembe mpya inazaliwa nacho. Siku chache baadaye mapafu yanajaa maji, povu linatoka puani, na mnyama anakufa akitafuta hewa.

Chanjo iliyopo ilitengenezwa Muguga, karibu na Nairobi, miaka ya 1970. Wataalamu walilisha kupe kwenye ng'ombe wenye ugonjwa, wakawasaga kupe hao, wakahifadhi vimelea hai katika vijirija (mirija midogo) kwenye mtungi wa nitrojeni ya maji. Siku ya kuchanja, kijirija kinayeyushwa, dawa inachanganywa, na ndama anachomwa ugonjwa wenyewe chini ya ngozi karibu na sikio. Papo hapo anachomwa oksitetrasaiklini ya muda mrefu msulini, ili ugonjwa uje mwepesi na kinga ibaki. Kipimo cha antibayotiki hufuata uzito. Mchanjaji akikadiria uzito kwa jicho na kupunja dawa, amempa ndama ndigana kali kwa mkono wake mwenyewe. Na kijirija kimoja kina dozi nyingi. Kikishayeyuka hakirudishwi kwenye mtungi. Kwa mwenye ng'ombe watatu, hiyo peke yake ni kikwazo.

Hata hivyo chanjo hii imeokoa ndama wengi sana. Wamasai wa kaskazini mwa Tanzania wameitumia tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na wanailipia kutoka mifukoni mwao. Mfugaji wa Simanjiro hana sababu ya kusubiri semina kama hii.

Ndani ya mchanganyiko wa Muguga mna koo tatu: Muguga, Kiambu 5 na Serengeti. Mwaka 2005 vinasaba vyote vya ukoo wa Muguga vilisomwa na kuchapishwa: kromosomu nne, jeni takriban 4,000. Baadaye koo zote tatu zilipolinganishwa, Muguga na Serengeti zilionekana karibu kuwa pacha, na Kiambu 5 ndiyo iliyo tofauti. Kwa hiyo mchanganyiko wa koo tatu, ukiupima kwa vinasaba, unakaribia kuwa wa mbili, na bado unakinga katika eneo pana. Mtu akikuambia tunajua barabara kwa nini unafanya kazi hivyo, angalia kama hauzi kitu.

Tunachojua ni kwamba chembe za kinga za ng'ombe humtambua adui kwa alama chache za protini, kama zile zinazoitwa Tp1 na Tp2, na Tp2 hubadilika mno kutoka kimelea hadi kimelea. Ng'ombe aliyejifunza sura moja anaweza kupitwa na sura nyingine. Tena vimelea hivi hujamiiana ndani ya tumbo la kupe. Kupe mmoja akinyonya damu yenye koo mbili, anaweza kutema koo mpya ambazo hazikuwako kwa ng'ombe yeyote. Ukileta ukoo mgeni shambani, umewapa wale wa nyumbani mchumba.

Na ukoo mgeni haufii kwenye ng'ombe aliyechanjwa. Kiambu 5 inajulikana kwa kubaki damuni muda mrefu baada ya chanjo. Utafiti uliofanyika Uganda ulifuatilia koo za chanjo katika ng'ombe waliochanjwa, ukaona pia dalili za koo hizo kwa wenzao wa malisho ambao hawakuchanjwa. Kwenye nchi ambayo imejaa ndigana kali tangu zamani jambo hilo halina uzito mkubwa. Kisiwani, au kwenye wilaya yenye ng'ombe wa kuhesabika, lina uzito wote.

Nyati nao wana yao. Vimelea vya nyati vina tofauti nyingi za vinasaba kuliko vya ng'ombe. Ol Pejeta nchini Kenya, ng'ombe waliochanjwa walipolishwa pamoja na nyati, chanjo ilishindwa kwa wengi wao. Sisi tuna nyati wa Niassa upande wa magharibi, kwa hiyo atakayepeleka mifugo huko asijitulize kwa kuwa amechanja.

Sasa pwani yetu. Mbung'o wameifanya pwani hii kuwa ya mbuzi zaidi kuliko ya ng'ombe; mifugo mingi ya Msumbiji iko kusini na Tete, na ndigana kali ya nchi hii imejulikana zaidi kule Angónia. Vita vya 1977 hadi 1992 vilishusha ng'ombe wa taifa zima kutoka zaidi ya milioni moja hadi kama robo milioni, na pengo likazibwa kwa kuagiza. Tangu Oktoba 2017, mapigano yalipoanza Mocímboa da Praia, familia nyingi zimekimbia na kupoteza walichokuwa nacho. Wakirudi watahitaji mifugo, na ya karibu iko ng'ambo ya Ruvuma: mwaka 2006 na 2007 wafugaji walioondolewa katika bonde la Ihefu, Tanzania, walihamia Lindi na makundi makubwa, na tangu 2010 kuna daraja la Negomano. Majahazi nayo hayajawahi kusubiri daraja.

Ninachopendekeza hakihitaji fedha nyingi. Matone ya damu kwenye karatasi ya kuchujia, yakaushwe kivulini na kupelekwa maabara yenye uwezo wa kusoma vinasaba, Maputo au kwa wenzetu wa ILRI (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo) Nairobi. Yachukuliwe Palma, Nangade, Mueda na Mocímboa da Praia, pamoja na kupe wa masikioni. Kimelea kisipokuwepo, chanjo hai ni kosa, na kazi ni kuogesha na kuzuia. Kikiwepo, tulinganishe na koo za Muguga kwanza. Zambia ilichagua koo za kwake, Katete kwa mashariki na Chitongo kwa kusini, na mimi naona njia hiyo inatufaa kuliko kuagiza mchanganyiko kwa sababu tu umeshatengenezwa na uko tayari Lilongwe, Malawi.

Liko pia suala la hereni. Ndama aliyechanjwa Tanzania huvalishwa hereni sikioni, na sokoni hereni hiyo humpandishia bei, kwa kuwa mnunuzi anajua mnyama huyo hatakufa kwa ndigana. Ofisa wetu wa kivukoni akiiona, mazoea ni kumpitisha mnyama haraka. Naomba fomu ya kivukoni iongezwe mstari wa hereni, na mwenye hereni achukuliwe damu na kutolewa kupe wote kabla hajachanganywa na kundi lolote upande huu.