Mwanga wa Chumba cha Huruma: Hoja Kuhusu Uhalisia katika Michoro ya Kompyuta

Anayeanza kujifunza michoro ya pande tatu huamini kwamba chumba huwa cha kweli kwa wingi wa vitu vilivyomo: sofa yenye vitambaa vya kufuma, runinga ukutani, mtungi mdogo wa gesi, madumu ya maji karibu na mlango, pazia linalotenga kitanda na sehemu ya kuketi. Vitu hivyo vina kazi yake, na mkazi wa Huruma, mtaa wa Nairobi, atakitambua chumba cha ploti, yaani cha jengo la kupangisha, kwa vitu hivyo. Mada hii, hata hivyo, inatetea kwamba uhalisia wa chumba hutokana na hesabu ya mwanga kabla ya jambo lingine lolote. Kwa sababu hiyo chumba cha Huruma, chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani, ni somo bora kuliko sebule pana za vioo zinazojaa katika mafunzo ya mtandaoni. Tena kompyuta ikikirenda, yaani ikikokotoa picha yake, kwa uaminifu, giza lake likaachwa lilivyo, picha yake huwa ushahidi wa namna tunavyojenga.

Historia ya fani yenyewe inaelekea huko. Mwaka 1980 Turner Whitted alionyesha jinsi ya kufuata miale inapogonga kioo na kupenya bilauri, lakini ukuta wa kawaida uliosimama kando ya ukuta mwekundu haukupata wekundu wowote. Mwaka 1984 Goral, Torrance, Greenberg na Battaile wa Chuo Kikuu cha Cornell waliazima hesabu za wahandisi wa joto, wakakokotoa mwanga unaorushwa kutoka ukuta hadi ukuta, kisha wakalinganisha picha yao na sanduku halisi walilolitengeneza. Sanduku lilikuwa tupu, na bado lilisadikika. Miaka miwili baadaye James Kajiya aliandika mlinganyo mmoja unaobeba mambo hayo yote, na Cycles, injini ya kurenda iliyoingizwa katika programu ya michoro ya Blender mwaka 2011, inafanya kazi kwa msingi huo.

Tazama basi hesabu hiyo inavyofanya kazi chumbani. Ukuta uliopakwa rangi nyeupe mpya huakisi takriban asilimia 80 ya mwanga, na wa saruji isiyopakwa rangi unaweza kuakisi asilimia 30 tu. Katika chumba kilichofungwa, mwanga uleule ukirudishwa ukuta kwa ukuta bila kikomo huongezeka mara tano kwa kuta nyeupe, lakini hata mara moja na nusu haufiki kwa kuta za saruji. Moshi wa jiko la makaa unapofifisha rangi, unapunguza mwanga wa chumba kizima, si uzuri wa ukuta peke yake. Upande wa programu, Cycles huja ikiwa imepangiwa mirudio minne ya mwanga kwa nyuso zisizong'aa. Kwenye kuta za asilimia 80, kiwango hicho hupoteza karibu thuluthi ya mwanga wote. Kwenye saruji hupoteza chini ya asilimia moja. Fundi asiyelijua hili ataongeza taa za uongo ili afidie, na kuanzia hapo picha yake haisemi lolote kuhusu chumba.

Kosa kubwa zaidi liko nje ya dirisha. Mazoea ni kuzungushia modeli picha ya anga iliyopigwa mahali pa wazi. Huruma haina dirisha linalotazama mahali pa wazi ila kwa nadra. Marie Huchzermeyer, katika kitabu chake cha 2011 kinacholinganisha Nairobi na Berlin ya karne ya 19, ameeleza jinsi majengo ya kupangisha yalivyobanana katika mitaa kama Huruma. Tuchukue mwanya wa mita 2 kati ya majengo ya mita 20, unaoelekea kaskazini na kusini. Nairobi iko karibu sana na ikweta, na jua husogea nyuzi 15 kwa saa, hivyo kila sehemu ya sakafu ya mwanya huo hupata jua la moja kwa moja kwa dakika 23 hivi kwa siku. Mwanga mwingine wote hutoka kwenye utepe mwembamba wa anga na kwenye ukuta wa jirani. Kwa hiyo anayetaka chumba cha ghorofa ya chini lazima aujenge pia ukuta wa jirani, rangi yake, na nguo zilizoanikwa mbele yake.

Wapo watakaopinga kwamba chumba cha giza huchosha mashine: miale michache hupenya dirisha dogo, na picha hujaa chengachenga. Ni kweli, na kompyuta nyingi za vijana wetu ni dhaifu. Lakini kuielekeza injini ichukue sampuli za mwanga dirishani, kupunguza ukubwa wa picha na kuiacha irende usiku kucha hakugharimu ukweli, ilhali taa za uongo huugharimu. Wapo pia watakaopinga kwamba mteja hutaka picha ya kung'aa. Mteja wa matangazo, ndiyo. Mpangaji anayetaka kujua kama mtoto ataweza kusoma saa tisa alasiri bila balbu ana haki ya picha nyingine. Na anayesema picha ya simu inatosha akumbuke kwamba simu haiwezi kupiga picha ya chumba ambacho hakijajengwa.

Pingamizi zito zaidi linatokana na mkasa wa Aprili 2016, jengo la ghorofa sita lilipoporomoka hapa Huruma na kuua watu zaidi ya 50: picha ya mwanga ina faida gani ikiwa jengo lenyewe halisimami? Picha haipimi nguzo, na asiwepo wa kudai hivyo. Kazi hiyo ni ya mhandisi. Ila mtu aliyezoea kudai vipimo halisi vya dirisha ana njia ya kuanza kudai vya nguzo. Wakazi wa Kambi Moto hapa Huruma, kupitia Muungano wa Wanavijiji na shirika la Pamoja Trust, walishiriki kubuni nyumba zilizoanza kujengwa mwaka 2003, kwa hiyo mazoea ya mkazi kuzungumza na ramani si mageni mtaani.

Napendekeza zoezi moja kwa wanaojifunza: chumba kilekile, ghorofa ya chini na ya tano, saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa. Ekspoja, yaani kiwango cha mwanga ambacho kamera inapokea, ifungwe katika picha zote sita, maana programu ikiachiwa kurekebisha kila moja, chumba cha chini kitatoka cheupe kama cha juu.