Likizo ya Chuo, Shule ya Kazi
Chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma, wilayani Ludewa, mkoani Njombe, vimesubiriwa tangu mkataba wa 2011 kati ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) na kampuni ya Kichina ya Sichuan Hongda. Mwanachuo anayeota ajira huko asisubiri mgodi ufunguliwe. Likizo anayo, na kazi nyingine zipo mkoani humo. Makambako kuna mbao za kupimwa na kupakiwa kwenye malori. Njombe kuna maparachichi ya kupangwa kwa ukubwa kabla ya safari. Ujira ni mdogo, lakini anayeshika daftari la mzigo hujifunza hesabu ya hasara, kutunza muda na kuelewana na dereva aliyechoka. Waajiri nao wasiwape vijana ufagio tu. Wawape na daftari. Cheti humfikisha kijana kwenye usaili. Kazi aliyoifanya humpa la kusema.