Haki za Mgonjwa Aliyeathiriwa na Dawa Kali za Maumivu

(Mada iliyowasilishwa na Mwanasheria wa Halmashauri katika mkutano wa wananchi wa kata)



Nimeombwa nizungumze juu ya watu walioandikiwa dawa kali za maumivu, kama vile tramadoli, kodini na mofini, wakajikuta hawawezi tena kuziacha. Mtu wa namna hiyo ni mgonjwa. Hakununua unga kijiweni. Alipewa dawa kwa cheti cha daktari. Asijifiche, wala jamaa zake wasimfiche. Asiziache ghafla pia, bali arudi kituoni apunguziwe kidogo kidogo. Akianza kuzitafuta mitaani bila cheti, anaweza kuguswa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na hapo mambo huwa mazito.

Si kila utegemezi ni kosa la mtu. Mgonjwa wa saratani aliyepewa mofini pale Ocean Road anaihitaji, na mwili kuizoea ni jambo linalotarajiwa. Tafadhali msiwanyime wagonjwa wenu dawa kwa hofu. Dai la kisheria huzaliwa pale mtoa huduma alipokuwa na wajibu akauacha: hakumweleza mgonjwa hatari ya dawa, aliiandika miezi mingi bila kumpima upya, au muuza dawa aliitoa bila cheti. Kisha mdai athibitishe kwamba madhara yametokana na uzembe huo, si na jambo jingine. Hapo ndipo penye ugumu.

Kinachosaidia ni karatasi. Tunzeni vyeti, risiti, daftari la kliniki, hata pakiti tupu yenye namba ya toleo. Taarifa za matibabu ziombwe kwa maandishi, na mwombaji abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Wenzetu wa Marekani wameliona hili. Kampuni ya Purdue Pharma ilianza kuuza OxyContin mwaka 1996, na mwaka 2007 ilikiri mahakamani kuwa ilipotosha kuhusu hatari ya uraibu wa dawa hiyo. Baadaye ilishtakiwa na majimbo, serikali za mitaa na watu binafsi, ikaomba kinga ya ufilisi. Waliodhurika walipewa hadi 30 Julai 2020 kuwasilisha madai, nao walihitaji ushahidi kuwa waliandikiwa dawa hizo. Fikirini mtu aliyepoteza afya, kisha akakosa kipande cha karatasi.

Kwetu pia muda hausubiri. Sheria ya Ukomo wa Muda inampa mdai wa madhara ya uzembe miaka 3. Ikiwa kituo ni cha Serikali, notisi ya siku 90 hutangulia kesi, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 utaratibu huo unahusu halmashauri pia. Naam, nawaeleza namna ya kuishtaki ofisi inayoniajiri. Hospitali ya wilaya ni mali yenu, nayo haiko juu ya sheria.

Si lazima kila jambo lifike mahakamani. Malalamiko huanzia kwa mganga mfawidhi, kisha Mganga Mkuu wa Wilaya. Mwenendo wa daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, wa mfamasia Baraza la Famasi, na ubora wa dawa yenyewe huangaliwa na TMDA. Mabaraza hayo huweza kumwadhibu mtaalamu, lakini anayetaka fidia itambidi aende mahakamani.

Asiye na fedha za wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, ambao hutoa ushauri na kuandaa nyaraka bila malipo, ingawa hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani. Mtendaji wa Kata atawaelekeza walipo. Mwenye swali lisilofaa kuulizwa hadharani anione faragha baada ya mkutano, na aje na karatasi alizonazo.