Ngome ya Thomas

Jioni ya leo twendeni mbali kidogo, mpaka pwani ya Northumberland, kaskazini mwa Uingereza. Mwaka mmoja nilikwenda huko likizoni na marafiki 3, tukitembea kwa miguu kutoka ngome hata ngome. Mimi niliyekulia kijijini nilishangaa mtu kulipa nauli ili akachoke. Baada ya siku moja nilinyamaza, maana nilikuwa nimeanza kupenda.

Asubuhi moja tulitoka Craster, kijiji cha wavuvi kinachosifika kwa samaki wa kukaushwa kwa moshi. Njia yapita katika malisho ya kondoo, bahari mkono wa kulia, na mwendo ni kama kilomita 2 tu. Tangu mwanzo waiona ngome ya Dunstanburgh mbele yako juu ya mwamba, kama meno yaliyovunjika. Ukifika ndipo waona ukubwa wake: lango lenye minara 2, kuta nene, na ndani yake nyasi tupu, kama ekari 10 hivi.

Aliyeijenga ni Thomas, mtawala wa Lancaster. Baba yake na baba wa Mfalme Edward wa Pili walikuwa ndugu wa tumbo moja. Kwa desturi zetu hao ni ndugu, wala hatuwaiti binamu. Mwaka 1312 Thomas na wenzake walimwua Piers Gaveston, kipenzi cha mfalme. Mwaka 1313 wakamnyenyekea mfalme, naye akawasamehe mbele ya watu. Lakini mwaka huo huo Thomas alikuwa ameanza kujenga ngome hii, na baada ya msamaha kazi haikusimama. Mawe yaliendelea kupanda.

Mwaka 1322 wakapigana. Thomas alishindwa huko Boroughbridge, akapelekwa Pontefract, katika ngome yake mwenyewe, akahukumiwa bila kuruhusiwa kujitetea, akakatwa kichwa. Dunstanburgh haikumfaa kitu.

Tulikaa chini ya lango kujikinga na upepo, tukanywa chai ya chupa. Rafiki mmoja, kwa mzaha tu, akaniuliza, "Na wewe kwenu, una ndugu wa kumjengea ngome?"

Wenzangu walicheka. Mimi chai ilinikwama.

Ndugu msikilizaji, ninaye kaka yangu. Tuligombana juu ya mpaka wa shamba la marehemu baba. Wazee wa kanisa walitupatanisha, tukapeana mkono, tukaomba pamoja, na akina mama wakapiga vigelegele. Juma lililofuata nikapanda kayaba mpakani. Niliwaambia watu ni kwa ajili ya mbuzi. Hatukuwa na mbuzi.

Ilikuwa miaka 6, na ua ule ulikuwa umenipita kimo.

Tuliendelea na safari kwenye mchanga wa Embleton, wenzangu wakizungumza habari za ngome ya Bamburgh iliyokuwa mbele yetu. Mimi sikusikia vizuri. Jioni nilinunua kadi yenye picha ya lango lile, nikaandika jina la kaka na sanduku la posta lile lile la baba yetu. Nilikaa na kalamu muda mrefu, nikaomba, nikakaa tena. Mwishowe nilimwandikia kwamba nikirudi nitaing'oa kayaba, naye, akipenda, aje na panga anisaidie, maana ina miiba mingi na mizizi yake imekwenda chini sana.