Mchoraji wa Mimea ya Afrika

Akaaye Lushoto huliona ua la msitu wa Usambara lingali bichi. Lakini Berlin lilifika kavu, limekunjamana. Nani basi awaonyeshe wasomaji umbo lake? Ndiyo kazi ya Joseph Pohl, aliyezaliwa Breslau mwaka 1864, akajifunza kuchonga picha katika mbao. Profesa Engler, aliyezuru Usambara mwaka 1902, alimtumia miaka 40 hivi. Pohl alichora mimea ya Afrika, na kwa kitabu kimoja cha majuzuu mengi, juu ya mimea ya ulimwengu, alitoa picha zaidi ya 33,000. Machi 1943 mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya mimea mikavu iliyowekwa Berlin. Ua likisha kuungua halirudi. Picha iliyochorwa kwa uaminifu hubaki kuwa shahidi wake. Basi, enyi wanafunzi, msiidharau kalamu.