Habari na Insha: Sentensi Ipi ni Kauli?

"Wanafunzi wanasoma." "Wanafunzi wasome." Mwalimu anayeandika sentensi hizi mbili ubaoni amekwisha kulianza somo la mantiki. Ya kwanza mtu anaweza kuihakiki kwa kuchungulia dirishani. Ya pili haina cha kuhakikiwa. Ni agizo, hutiiwa au hupuuzwa.

Mantiki hushughulika na ile ya kwanza, na huiita kauli: sentensi ambayo ama ni kweli ama si kweli. Aristotle aliieleza tofauti hiyo katika karne ya 4 kabla ya Kristo kwa mfano wa dua, ambayo ina maana kamili bila kuwa kweli wala uongo.

Lakini mwalimu wa Kiswahili ana hazina iliyo karibu zaidi. Wanazuoni wa balagha ya Kiarabu waliyagawa maneno mafungu mawili: khabari, yaani lile linaloweza kusadikishwa au kukanushwa, na insha, ambamo zimo amri, swali, wito na matamanio. Waswahili wanayo maneno yote mawili, ila yamebadili kazi: habari husomwa gazetini, insha huandikwa darasani. Kuyarejesha katika maana ile ya kale kungemsaidia mwanafunzi kuliko fasili ndefu ya kukariri.

Kipimo chepesi ni kutanguliza "ni kweli kwamba". "Ni kweli kwamba wanafunzi wanasoma" inakubali. "Ni kweli kwamba funga mlango" inakataa papo hapo. Katika mazungumzo sikio nalo lina kazi, kwa kuwa "Juma amefika" na "Juma amefika?" hutofautishwa na kiimbo tu.

Kosa linalopaswa kukemewa mapema ni kudhani kwamba kauli lazima iwe kweli. "Kilele cha Kilimanjaro kiko Kenya" si kweli, na kwa hiyo hasa ni kauli. Hapa "si kweli" inafaa kuliko "uongo", neno linalomtia msemaji hatiani; mtoto anayesema 7 ni shufwa amekosea, hakudanganya. Wala si lazima jibu lijulikane. Tangu barua ya mwanahisabati Goldbach kwa mwenzake Euler mwaka 1742, hakuna aliyethibitisha wala kukanusha kwamba kila namba shufwa inayozidi 2 ni jumla ya namba tasa mbili. Hiyo nayo ni kauli.

Ugumu wenyewe uko kwenye x + 3 = 7. Ina sura ya kauli, lakini x haijulikani: ikiwa 4 ni kweli, ikiwa 5 si kweli. Kiswahili kina x yake, kiambishi a-. "Alikuwa Rais wa Tanzania" hukaa ikisubiri jina. Likiwekwa la Julius Nyerere, ni kweli. Likiwekwa la Jomo Kenyatta, si kweli.